PIN Iwe Siri, Hofu Isiwe Siri

Ni saa moja jioni. Umeshuka matatu, umepitia kwa mama mboga, na hata viatu hujavua. Mtoto anakuja na maneno yale yale ya kila siku: "Mama, naomba simu. Mwalimu ameweka kazi kwa grupu." Unampa. Utakataaje? Siku hizi nusu ya kazi ya Gredi ya 5 iko kwa daftari na nusu iko kwa WhatsApp ya mzazi. Yeye anakaa kwa kona ya sofa, wewe unaingia jikoni kukata sukuma.

Hebu tuiangalie hiyo simu kidogo. Ndani yake kuna pesa ya kodi ya nyumba, mchango wa chama, na ile elfu mbili umeweka kando kwa safari ya shule. Kuna namba za ndugu zako wote na picha za familia, na ndiyo laini ambayo benki hukutumia meseji. Na sasa hivi iko mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye amemaliza kazi ya mwalimu kwa dakika nane na ameshafungua gemu. Katika nyumba nyingi za Kenya hakuna simu ya mzazi na simu ya mtoto. Kuna simu. Pochi, daftari na uwanja wa kuchezea viko mahali pamoja.

Sisi tunaokuandikia hapa, timu ya elimu kwa wateja, wengi wetu tuko kwenye miaka ya ishirini. Wachache tu ndio wana watoto. Kwa hivyo hatuji kwako kama mabingwa wa malezi, ambao wewe mzazi umewazidi. Tunakuja kama watu waliokua pamoja na pesa za simu. Zilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, tulikuwa tunaanza shule. Miaka michache baadaye tukawa tunatumwa kwa ajenti, mulika mwizi ya mama mkononi na PIN yake kichwani. Tunakumbuka vizuri vile mtoto anavyojisikia akiharibu kitu ndani ya simu ambayo si yake. Hafikirii kwanza atakirekebisha vipi. Anafikiria atachapwa vipi.

Kwa miaka mingi kampuni kama yetu zimekuimbia wimbo mmoja: usimwambie mtu PIN yako. Ni wimbo mzuri na tutaendelea kuuimba. Lakini kwa watoto tumeuacha nusu. Tumewafundisha kuweka siri, hatujawafundisha siri ambayo hawafai kuweka kamwe. Maoni yetu ni haya: kinga kubwa ya mtoto mtandaoni, na kinga ya pesa yako pia, ni mtoto anayeweza kukuambia "nimeharibu" ndani ya dakika tano bila kuogopa. Kufuli zote za simu zinafuata nyuma ya hiyo.

Saa ishirini za kimya

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ana mpwa wa miaka kumi na mbili. Ni mtoto mtulivu, hana maneno mengi, na anapenda Free Fire kuliko chakula. Jumamosi moja saa tisa mchana, mtu aliyekutana naye ndani ya gemu alimwahidi almasi za bure. Alimwomba namba ya simu ya kutumia almasi hizo, kisha akamwambia: "Kuna namba sita zitaingia kama meseji. Nitumie haraka kabla ofa haijaisha." Zikaingia. Akazituma. Baada ya dakika mbili, WhatsApp ya mamake ikajifunga.

Kama umewahi kukutana na mchezo huu, umeshaelewa. Zile namba sita ndizo WhatsApp hutuma kuhakikisha kwamba laini ni yako. Ukimpa mtu namba hizo, umempa jina lako, picha yako na magrupu yako yote.

Kijana alijua hapo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika. Tatizo ni kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amechapwa kwa kumaliza bando ya wiki nzima akitazama YouTube. Kwa hivyo mama alipouliza kwa nini WhatsApp haifunguki, alisema ni bando imeisha. Akanyamaza jioni hiyo. Akanyamaza usiku, ingawa alisema baadaye kwamba hakulala. Akanyamaza asubuhi njia nzima ya kwenda kanisani. Ilipofika saa tano Jumapili, watu wakitoka ibadani, mwanachama mmoja wa chama alimshika mamake mkono: "Pole sana. Mgonjwa anaendeleaje? Ile elfu tano ilifika?"

Hakukuwa na mgonjwa. Tangu Jumamosi jioni kuna mtu alikuwa anawaandikia marafiki wa mama akitumia jina lake, akiomba pesa za hospitali zitumwe kwa namba nyingine "manake yangu imejaa." Wawili walikuwa wametuma. Mmoja alituma elfu tano saa mbili usiku, mwingine elfu tatu Jumapili asubuhi. Mama alirudisha zote nane kutoka mfukoni mwake, kwa sababu heshima kwa chama haingojei uchunguzi wa polisi.

Tulipokaa na mwenzetu kupiga hesabu, kilichotuuma ni saa, si shilingi. Kutoka saa tisa mchana hadi saa tano asubuhi ni saa ishirini. Kama mtoto angesema saa tisa na dakika tano, mama angeisajili tena namba yake kwa WhatsApp, apokee namba mpya za uthibitisho, na yule mtu angetolewa kwenye akaunti mara moja. Marafiki wa mama wangepata meseji moja tu ya onyo na hakuna aliyetuma pesa. Kosa la mtoto lilichukua dakika mbili. Elfu nane zilitoka kwa ule ukimya.

Na kwa upande wetu ni vivyo hivyo. Mteja akitupigia mapema, pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea, kuna kitu tunaweza kufanya: kuizuia na kuanza kuifuatilia. Ikishatolewa kwa ajenti, imekuwa noti mfukoni mwa mtu tusiyemwona. Ndiyo maana tunasema mtoto anayesema mapema ana thamani kuliko programu yoyote ya usalama unayoweza kupakua.

Pesa ndogo ndogo zinazopotea

Hadithi hiyo iliishia kwa hasara ya pesa. Kuna nyingine mbaya zaidi, na tungekuwa waoga tukiiruka.

Huanza kwa upole. Mtu anamwandikia mtoto kwenye TikTok, Instagram au ndani ya gemu. Picha yake ni ya kijana wa rika lake. Anamsifu, anamsikiliza, anamtumia bando ya mia au kredo ya hamsini. Baadaye anahamisha maongezi hadi WhatsApp, na anamwambia: "Haya ni yetu sisi wawili, usiambie mtu." Siku moja anaomba picha ambayo mtoto hafai kumtumia mtu yeyote. Akishaipata, upole unaisha siku hiyo hiyo. "Nitumie picha nyingine, au nitumie mia tano. La sivyo, hii inaenda kwa darasa lenu lote."

Mtoto hana mia tano. Lakini anajua ilipo. Ameshasimama kando yako dukani mara mia ukibonyeza PIN. Basi anatoa mia mbili leo, mia tatu kesho, anafuta meseji, na anaomba Mungu usiangalie salio.

Kwa hivyo tunakuomba jambo moja, mzazi, na hili unaweza kulisikia kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote kwa sababu kazi yetu ni pesa. Ukiona kwenye stetimenti yako pesa ndogo ndogo zimetumwa kwa namba usiyoijua, usikimbilie kuita mtoto mwizi. Inawezekana ni pipi na kamari ya mtaani, ndiyo. Inawezekana pia ni mtoto anayelipa deni la hofu. Na kinyume chake pia: ukiona kredo au pesa kidogo imeingia kutoka kwa mtu ambaye humjui, usifurahie tu. Uliza ni nani. Watu wazima hawawatumii watoto wa wenyewe pesa bila sababu.

Swali la kwanza lisiwe "pesa yangu iko wapi?" Liwe "kuna mtu anakusumbua?" Hilo la pesa litapata wakati wake.

Na usidhani adui ni mgeni wa mbali kila mara. Ripoti ya Disrupting Harm kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ilionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto kupitia mtandao ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua. Inaweza kuwa jirani, rafiki wa familia, au kijana mkubwa wa mtaa. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba watoto wengi waliopitia mambo haya hawakuripoti kwa polisi wala kwa namba za msaada. Walioongea walielekea kuwaambia marafiki wao, watoto wenzao ambao hawana la kufanya. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mtoto, na mara nyingi anaficha kwa sababu ya sisi watu wazima.

"Lakini si mtadekeza watoto?"

Tunajua utakachosema, manake wazazi wetu wenyewe wameshatuambia. Mama ya mmoja wetu alisoma rasimu ya makala haya na akacheka: "Nyinyi mlichapwa na mkafika chuo kikuu. Sasa mnataka mtoto aharibu kisha apewe soda?"

Hapana, Mama. Hatusemi mtoto asiwe na adabu. Tunasema tutenganishe vitu viwili ambavyo nyumbani kwetu vimefungwa pamoja: kosa, na kulisema kosa. Mtoto akitumia pesa yako kununua almasi za gemu, ana haki ya kukosa gemu wiki mbili na kuosha vyombo hadi deni liishe. Lakini asiadhibiwe kwa kukuambia. Na akikuambia kabla hujagundua, adhabu ionekane wazi kwamba imepungua. Mtoto anajua hesabu. Akiona kwamba kusema na kuficha kuna kiboko sawa, atachagua kuficha, kwa sababu kuficha kuna nafasi ya kuponyoka.

Tapeli anajua hesabu hiyo pia. Yule anayemtisha mtoto humwambia karibu kila mara sentensi moja: "Mamako akijua, atakuua." Silaha yake ni hiyo tu. Hana bunduki, hajui hata nyumba yenu iko wapi. Anachotegemea ni kwamba mtoto anakuogopa wewe kuliko anavyomwogopa yeye. Kila fimbo iliyopigwa kwa ajili ya bando imemfanyia tapeli kazi yake bila malipo. Tusisahau pia kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Lakini hata ukiweka sheria kando, hesabu ya usalama inabaki pale pale.

Kuna wazazi wengine watasema dawa ni rahisi: mnyang'anye simu kabisa. Tunaelewa. Lakini kazi ya shule itafanywa kwa nini? Na rafiki yake wa nyumba ya pili ana simu. Binamu ana simu. Ukimnyima simu yako, hujaondoa mtandao kwenye maisha yake, umeondoa tu macho yako kwenye mtandao wake. Isitoshe, kunyang'anywa simu ndiyo adhabu ambayo mtoto wa leo anaiogopa zaidi ya fimbo. Tishio hilo likining'inia juu ya kichwa chake, hatakuambia lolote.

Maneno ya kusema jioni hii

Haya hayahitaji semina. Yanahitaji dakika tano mkiwa mnakula au mkifua. Sema kwa lugha ya nyumbani kwenu, lakini yawe na mambo haya matatu:

"Ukiona kitu kwa simu kimekutisha, au ukifanya kitu ukajua umeharibu, niambie siku hiyo hiyo."

"Ukiniambia mwenyewe, sitakuchapa na sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Tutarekebisha kwanza, mengine tutaongea baadaye."

"Mtu yeyote akikuambia usiniambie kitu, hata kama ni mtu tunayemjua, hicho ndicho kitu cha kuniambia."

Kisha, kazi ngumu ni ya kwako: itimize ahadi. Mtoto atakupima kwa kitu kidogo. Atakuja siku moja aseme amevunja kikombe, au ametumia bando yako ya siku mbili. Hapo ndipo anaangalia uso wako. Ukilipuka kwa sababu ya kikombe, hatakuletea ile picha. Vuta pumzi, mwambie asante kwa kusema, kisha mshughulikie kikombe. Hiyo ya kikombe ndiyo mazoezi.

Baba, na wewe uko ndani. Nyumba nyingi mtoto anamwambia mama, na mama anaogopa kumwambia baba. Ahadi ikiwa ya mzazi mmoja, ina nusu ya nguvu. Na Desemba watoto wakienda ushago, mwambie shosho pia. Simu ya shosho ina pesa uliyomtumia, haina hata namba ya kufunga skrini, na mjukuu ndiye "mtaalamu" wake wa simu.

Simu yenyewe

Ukishafungua mlango wa kuongea, sasa funga milango ya simu. Hii ndiyo orodha tunayoitumia sisi kwa nyumba zetu:

Kwanza, PIN ya pesa isifanane na namba ya kufungua simu. Mtoto anahitaji ya kufungua simu. Ya pesa haihitaji. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wako wala wake, kwa sababu huo ndio wa kwanza atakaojaribu. Na tuache ile tabia ya kumtuma mtoto kwa ajenti na PIN. Tulitumwa hivyo, tukafurahi, lakini enzi zile simu haikuwa na TikTok ndani yake.

Pili, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa WhatsApp. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Utachagua namba ya siri ya tarakimu sita ambayo wewe tu unaijua. Ukishaiweka, hata mtoto akitoa zile namba za meseji, mwizi atakwama mlangoni. Inachukua dakika mbili. Ukiwa kwenye foleni ya benki au ya hospitali, ifanye.

Tatu, kama simu ni ya Android, weka Google Play iulize neno la siri kila mara kitu kinaponunuliwa. Kwa mtoto aliye na simu au tableti yake, Google ina programu ya bure iitwayo Family Link ambayo inakuwezesha kuidhinisha programu anazopakua na kupanga muda wa kutumia simu. Kwa wadogo, YouTube Kids ni bora kuliko YouTube ya watu wazima.

Nne, heshimu umri. TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp zote zinasema mtumiaji awe na angalau miaka 13. Mtoto wa miaka tisa aliyejiandikisha kama wa miaka ishirini anaonyeshwa mambo ya wa miaka ishirini na anaandikiwa na watu wa miaka arobaini. Na kubashiri hakuruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Ukikuta programu ya kamari imefunguliwa kwa laini yako na si wewe, hayo ni maongezi ya leo, si ya wiki ijayo.

Tano, wewe mwenyewe chunga unachoweka mtandaoni. Picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, siku ya kufungua, na jina lake kamili chini yake, inampa mgeni kila kitu cha kuanzia maongezi: "Mimi ni rafiki ya mamako, wewe si uko shule fulani?"

Sita, Jumapili jioni fungua stetimenti ya wiki na mtoto akiwa kando yako. Muonyeshe hii ilikuwa ya unga, hii ya stima, hii ya nauli. Atajifunza pesa, na atajua kwamba mamake huangalia. Mtoto anayejua kwamba unaangalia huja kusema mapema.

Ikiwa tayari imetokea

Tuseme umesoma hadi hapa na moyo umeruka, kwa sababu unakumbuka mia mbili zilizopotea wiki jana, au mtoto aliyeacha kula. Fanya hivi, kwa utaratibu huu.

Kaa naye na umwambie hana shida na wewe. Rudia hata mara tatu.

Usitume pesa. Anayetisha akilipwa mara moja, anajua pochi iko wazi, na atarudi kesho na bei ya juu.

Usifute kitu. Meseji, namba ya simu, jina la akaunti, rekodi ya pesa iliyotumwa, vyote ni ushahidi. Piga picha ya skrini ya vitisho. Lakini picha ya mtoto mwenyewe usimtumie mtu yeyote, hata kama ni shangazi unayemwamini, hata kama ni kutafuta ushauri. Iache ilivyo hadi uongee na wanaohusika.

Piga 116. Ni namba ya kitaifa ya kusaidia watoto, inaendeshwa na Childline Kenya, ni bure, na inapokewa usiku na mchana. Mtoto pia anaweza kupiga mwenyewe, kwa hivyo mfundishe namba hiyo kama ulivyomfundisha jina lako. Kisha ripoti kituo cha polisi kilicho karibu. DCI wana kitengo maalum cha kulinda watoto, na wana laini ya bure, 0800 722 203. Sheria iko upande wenu. Kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kutengeneza au kusambaza picha chafu za mtoto kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 25, au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Anayemtisha mwanao ndiye mhalifu hapa. Mwanao si mhalifu.

Kama mnaogopa picha itasambaa, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na shirika la NCMEC la Marekani tangu 2023, ambayo husaidia kuondoa picha za walio chini ya miaka 18 kwenye mitandao inayoshiriki. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yenu. Inatengenezewa alama tu, na alama hiyo ndiyo mitandao inayotumia kuitafuta na kuizuia.

Na kama kuna pesa imetoka, tupigie simu sisi kwa huduma kwa wateja, saa hiyo hiyo, ukiwa na namba iliyopokea na muda. Hatutakuuliza ulimleaje mtoto wako. Tutakuuliza ilikuwa saa ngapi.

Deni letu

Tusikuachie mzigo wote. Kampuni kama yetu hupata faida kwa sababu simu iko kila nyumba, na nyumba hizo zina watoto. Meseji zetu za usalama zimekuwa zikimwandikia mwenye laini peke yake, kana kwamba hakuna mtu mwingine anayeishika hiyo simu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya kulinda watoto mtandaoni inayozihusu kampuni za sekta hii. Ni hatua nzuri. Sisi tungependa kuona matangazo ya usalama yanayoongea na mtoto mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, na yanayomwambia mzazi ukweli huu kuhusu hofu hata kama hautapendeza.

Yule mpwa wa mwenzetu? Mamake alikaa naye Jumapili hiyo baada ya chakula. Hakumchapa, ingawa anasema mkono ulimwasha. Alimwambia gharama yote, elfu tano na elfu tatu, kisha akamwambia: "Kitu kinachoniuma ni kwamba ulilala na hii peke yako." Mwezi uliofuata, mtu mwingine alimwandikia ndani ya gemu akiomba namba. Mtoto alitoka na simu hadi jikoni, mkono ukitetemeka kidogo, na kusema: "Mama, tena kuna mtu hapa."

Ilikuwa imepita dakika moja.

Leo jioni mtoto akikuomba simu, mpe. Lakini kabla hujaingia jikoni, mwambie yale maneno matatu. Kisha tuma makala haya kwa grupu la wazazi wa darasa lake, manake rafiki yake pia anashika simu ya mtu.